Mtoto wako anapopanda bodaboda kwenda shule

Kama una mtoto anayesoma mbali na nyumbani, huenda umeshawahi kupiga hesabu hii. Ada ya basi la shule imekushinda, daladala za asubuhi hazitaki wanafunzi, na wewe mwenyewe unatakiwa kazini saa moja na nusu. Kijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani anakuambia atampeleka na kumrudisha kwa bei ya mwezi. Unakubali. Asubuhi unamwona mwanao amepakiwa katikati ya wenzake wawili, begi mgongoni, kichwa wazi, pikipiki inaondoka.

Makala haya hayaji kukulaumu. Bodaboda ni usafiri wa mamilioni ya Watanzania, na mahali pengi ndiyo usafiri pekee unaofika hadi mlangoni. Mgonjwa hupelekwa nayo zahanati usiku, mjamzito huenda nayo kliniki, mtoto hufikishwa nayo shule. Lakini ukiingia wodi ya majeruhi ya hospitali kubwa, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi, utawakuta majeruhi wa pikipiki. Wengi ni vijana wenye nguvu zao. Baadhi ni watoto.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2023 inasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na takriban wawili katika kila kumi ni wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Ripoti hiyo inasema pia kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Yaani hatari hiyo inaanza umri uleule ambao mtoto anaanza kwenda shule.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya yanazuilika, na mengine yasiyozuilika yanaweza kupunguzwa makali. Tuangalie hatua kwa hatua: kabla ya kupanda, njiani, na ikitokea ajali.

Kwa nini sheria inataja miaka tisa

Kanuni za mwaka 2010 zinazosimamia pikipiki na bajaji za biashara hapa Tanzania haziruhusu mtoto wa chini ya miaka tisa kubebwa kama abiria wa pikipiki. Wazazi wengi hawaijui kanuni hii, na wanaoijua huona ni maneno ya trafiki tu. Ukiitazama kwa jicho la afya utaona ina mantiki.

Kwanza ni miguu. Abiria wa pikipiki anajishikilia kwa miguu kuliko kwa mikono. Mtu mzima akikanyaga vizuri vikanyagio, breki ya ghafla haimtupi kirahisi. Mtoto mdogo miguu yake haifiki. Inaning'inia hewani, karibu na gurudumu la nyuma.

Pili ni kichwa. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado haijakomaa. Akirushwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia kufika chini.

Tatu ni usingizi. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri husinzia njiani, na mtoto anayesinzia huachia mikono. Dereva anayetazama mbele hawezi kujua.

Kumweka mtoto mbele, juu ya tangi la mafuta, hakuondoi hatari. Pikipiki ikigonga, mtoto anabanwa kati ya usukani na uzito wote wa dereva, na kifua na tumbo lake ndivyo vinavyopokea kishindo. Kwa mtoto mchanga anayebebwa mgongoni au kifuani hali ni mbaya zaidi, maana hakuna kofia ngumu inayomfaa na shingo yake haiwezi kubeba uzito wake hata kama ingekuwapo.

Kwa hiyo kama mtoto wako hajafikisha miaka tisa, tafuta kwanza njia nyingine. Ongea na wazazi wenzako wa mtaani. Watoto sita wa shule moja mnaweza kuchangia bajaji moja inayokwenda mara mbili bila kujaza, au mkampata mtu mzima mmoja wa kuwasindikiza kwa miguu au kwenye daladala. Shule ikiwa na kamati ya wazazi, hili ni jambo la kulipeleka kikaoni.

Mishikaki

Neno lenyewe tunalitamka kwa kucheka, lakini lina maana nzito. Pikipiki ya abiria imeundwa kubeba watu wawili: dereva na abiria mmoja. Ukipakia watatu au wanne, breki inachelewa kusimamisha chombo, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba, na dereva anasogezwa mbele kiasi kwamba hawezi kugeuza mikono vizuri. Aliyekaa mwisho anakosa mahali pa kukanyaga na pa kushika. Huyo ndiye anayedondoka kwenye tuta.

Hapa mzazi unatakiwa kuwa mkweli kwa nafsi yako. Dereva hupakia mishikaki kwa sababu bei mliyokubaliana haimlipi kwa mtoto mmoja. Ukimwambia "utampakia na wenzake nikulipe nusu", umeshachagua mishikaki. Kama mtoto wako ameshavuka umri uliowekwa na bodaboda ndiyo njia pekee, lipa nauli ya mtoto mmoja, na umwambie dereva wazi kwamba unalipa ili apande peke yake. Kisha siku mojamoja simama njiani bila kumtaarifu uone kama anafuata.

Kofia ngumu inafanya kazi gani

Mapitio ya tafiti nyingi za kimataifa yameonyesha kuwa kuvaa kofia ngumu kunapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ni vifaa vichache sana vya kinga vinavyotoa faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo.

Siri yake haiko kwenye ganda la nje peke yake. Ndani kuna tabaka la povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea. Kichwa kinapogonga chini, povu linabonyea na kula nguvu ya kishindo, na muda wa kusimama kwa kichwa unarefuka kidogo. Kidogo hicho ndicho kinachouokoa ubongo usijigonge kwenye fuvu. Kwa sababu hiyo kofia iliyopata ajali hata kama inaonekana nzima haifai tena. Povu lake limeshabonyea na halirudi.

Kwa sababu hiyohiyo, kofia ya mafundi ujenzi haisaidii. Ile imetengenezwa kuzuia kitu kinachodondoka kutoka juu. Haina povu la pembeni, na haina mkanda wa kuizuia isiruke. Kofia inayovaliwa bila kufunga mkanda wa kidevuni nayo ni kama haipo, kwani huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Namna ya kupima kama kofia inamfaa mtoto ni rahisi. Mvalishe, funga mkanda hadi upitishe vidole viwili tu kati ya mkanda na kidevu. Mwambie atikise kichwa kushoto na kulia. Kofia ikizunguka huku uso umebaki palepale, ni kubwa. Ukingo wake wa mbele uwe juu kidogo ya nyusi, usiwe umepanda katikati ya paji la uso. Kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto wa miaka kumi humziba macho tu.

Wengi hukataa kofia ya dereva kwa kuogopa jasho, mba na fangasi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kukaa kichwa wazi. Funga kitambaa safi chepesi kichwani kwanza, kisha vaa kofia. Kama unapanda bodaboda kila siku, nunua ya kwako na ya mwanao. Linganisha bei yake na gharama ya kipimo cha CT scan cha kichwa na siku za kulazwa, utaona ipi ni ghali.

Kupanda, kukaa na kushuka

Majeraha mengine hutokea bila ajali yoyote. Yapo matatu ambayo kila mzazi anapaswa kumfundisha mtoto namna ya kuyakwepa.

La kwanza ni kuungua. Pikipiki nyingi zinazotumika kwa bodaboda zina bomba la moshi, yaani ekzosi, upande wa kulia. Mtoto anayeshukia kulia huligusa kwa ndama ya mguu na kuacha ngozi pale. Mfundishe kupanda na kushuka upande wa kushoto. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kushoto pia ndiko pembeni, mbali na magari. Akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala unga. Lengelenge usilipasue.

La pili ni mguu kuingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Hili huwapata watoto hasa, kwa kuwa miguu yao inaning'inia. Kisigino huchanwa na wakati mwingine mfupa huvunjika, na kidonda cha kisigino huchukua wiki nyingi kupona. Mtoto avae viatu vilivyofunika kisigino, si kandambili, na miguu yake ifike kwenye vikanyagio. Kama haifiki, hajafikia wakati wa kupanda pikipiki.

La tatu ni nguo. Kanga, mtandio, dera, baibui au mkanda mrefu wa begi vikinaswa na mnyororo au gurudumu humvuta abiria chini kwa sekunde moja, na mtandio ulioko shingoni unaweza kunyonga. Kabla hamjaondoka, kusanya nguo na uzikalie. Ukikaa upande una mshiko mdogo kuliko ukikaa umepanua miguu. Kwa mwanamke aliyevaa gauni refu, suruali ya ndani inaweza kuondoa tatizo la stara na kumwezesha kukaa salama.

Mwendo na sheria za barabarani

Sheria ya usalama barabarani inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Wengi huona ni mwendo wa kobe. Hebu tuupime. Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtu anapoona kitu ghafla, ubongo wake huchukua takriban sekunde moja kabla mkono na mguu havijakamata breki. Mtoto akikatiza barabara mita 10 mbele ya pikipiki, dereva aliye kwenye kilomita 50 atamfikia kabla hata hajaanza kufunga breki. Aliye kwenye kilomita 30 atakuwa amekwenda mita 8 katika sekunde hiyo, na breki imeanza kushika.

Kipimo kingine ni hiki: kugonga ukuta ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi juu, yaani kama mtu aliyeruka kutoka ghorofa ya tatu. Ndiyo maana mwaka 2020 nchi zilizokutana Stockholm zilipendekeza mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika. WHO nayo inaeleza kuwa kila mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Abiria huna usukani, lakini una mdomo. Ni haki yako kumwambia dereva apunguze mwendo, na kumwambia asimamishe ushuke kama hasikii. Mfundishe na mtoto wako kusema hivyo bila woga. Mambo ya kuangalia ni haya:

Dereva asimame taa nyekundu ikiwaka, hata kama barabara inaonekana tupu. Asimame kwenye kivuko cha pundamilia mtu anapovuka. Kwenye kipilefti awapishe wanaotoka kulia kwake. Asichomekee kushoto mwa basi au lori, kwa sababu dereva wa gari kubwa hamwoni mtu aliye pembeni yake karibu na magurudumu. Asipite gari jingine kwenye kona wala kwenye mlima asikoona mbele. Asiingie njia ya mwendokasi. Mabasi yale ni mazito na hayasimami haraka. Asiendeshe kinyume na uelekeo wa magari ili tu akwepe mzunguko. Simu iwe mfukoni. Usiku, alfajiri na kwenye mvua, taa ziwashwe na vizibao vya kuakisi mwanga vivaliwe.

Na wewe mzazi usiwe sababu ya haraka. Ukimtoa mtoto nyumbani amechelewa kisha ukamwambia dereva "kimbia, geti linafungwa", wewe ndiye uliyeongeza mwendo. Dakika 15 za kuamka mapema zinatosha. Usimpigie dereva simu ukijua yuko barabarani na mwanao. Akipokea, mkono mmoja umeacha usukani.

Dereva wa mwanao ni nani

Tunauliza maswali mengi kabla ya kumwajiri dada wa kazi, lakini dereva wa mtoto tunamchukua kwa kumwona kijiweni. Mfahamu. Ona leseni yake ya udereva, na hakikisha ina daraja la pikipiki. Ona bima ya chombo. Ongea na mwenyekiti wa kijiwe. Muulize analala saa ngapi. Kijana anayefanya kazi usiku kucha kisha anabeba wanafunzi alfajiri ana usingizi, na mtu mwenye usingizi huendesha vibaya kama aliyelewa. Angalia tairi kama lina kashata, breki kama zinashika, na kama ana kofia mbili.

Pombe haina mjadala. Hata chupa moja hupunguza wepesi wa macho na mikono. Ukisikia harufu asubuhi, mtoto asipande siku hiyo.

Kama msomaji ni wewe mwenyewe dereva, kuna jambo la kiafya ambalo halizungumzwi sana. Baadhi ya dawa za kawaida huleta usingizi: dawa za mzio na mafua kama Piriton, baadhi ya dawa za kikohozi, dawa kali za maumivu kama tramadol, na dawa za kutuliza kama diazepam. Muulize mfamasia kabla ya kumeza na kupanda pikipiki. Kama una kifafa, au una kisukari na unatumia insulini, zungumza na daktari wako waziwazi kuhusu kazi yako. Na kama taa za magari ya mbele zinakusumbua sana usiku, au huoni vibao vya njiani mpaka uvikaribie, kapime macho.

Ajali ikitokea: dakika za mwanzo

Watu wema hukimbilia kumwinua majeruhi na kumpakia kwenye chombo cha kwanza kinachopita. Nia ni nzuri, lakini shingo iliyovunjika ikikunjwa, mtu anaweza kupooza maisha yake yote. Fuata utaratibu huu.

Kwanza zuia ajali ya pili. Mtu mmoja asimame nyuma kuashiria magari, pikipiki izimwe. Mwingine apige simu 112.

Pili, ongea na majeruhi. Akijibu, mwambie asigeuze kichwa na umshike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili. Asipojibu, angalia kama anapumua. Kofia ngumu usiivue kama anapumua vizuri. Ivue tu kama hapumui, anatapika au anakabwa, na hapo mmoja ashike shingo na mwingine avute kofia polepole.

Tatu, zuia damu. Chukua kitambaa safi, hata kipande cha kanga, kandamiza pale inapotoka bila kuachia. Mfuko wa plastiki unaweza kutumika kama glovu kukinga mikono yako. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza.

Nne, kama amezimia lakini anapumua, mlazeni ubavu, watu watatu mkimgeuza kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikienda kama gogo moja, ili matapishi yasimkabe.

Tano, usimpe maji wala soda, hata akiomba. Huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lenye kitu ni hatari wakati wa dawa ya usingizi.

Kumsafirisha majeruhi kwa kumkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine, mguu uliovunjika ukining'inia, kunaongeza jeraha. Tafuteni gari ambalo anaweza kulala. Gari la mizigo lenye ubao na godoro ni bora kuliko kiti cha pikipiki.

Jino la ukubwani likitoka zima, lishike sehemu ya juu, si mzizi, liweke kwenye maziwa na umwahishe mtoto kwa daktari wa meno. Likirudishwa ndani ya saa moja linaweza kushika.

"Ameamka, hana kitu": dalili za kuangalia nyumbani

Hapa ndipo tunapopoteza watu ambao wangepona. Mtoto ameanguka, akazimia kidogo, akaamka, akalia, akaomba chai. Kila mtu anafurahi na kumrudisha nyumbani. Saa chache baadaye analalamika kichwa, anasinzia, na asubuhi haamki. Kilichotokea ni mshipa wa damu uliopasuka ndani ya fuvu, damu ikajikusanya taratibu na kuukandamiza ubongo. Upasuaji wa mapema humwokoa mgonjwa wa namna hii. Ukichelewa, hauna tena msaada.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja, au asiyekumbuka ajali ilivyotokea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anatembea. Na kwa saa 48 baada ya kugonga kichwa, mrudishe hospitali haraka ukiona lolote kati ya haya: kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, kuona vitu viwiliviwili, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka puani au masikioni, udhaifu wa mkono au mguu. Kwa mtoto mdogo ongeza kulia kusikonyamazika, kukataa kunyonya au kula, na uvimbe laini kichwani.

Watu husema aliyegonga kichwa asiachwe alale. Anaweza kulala, ila umwamshe kila baada ya saa chache usiku wa kwanza uone kama anaamka vizuri, anakutambua na anaongea kama kawaida. Kwa maumivu mpe paracetamol kulingana na umri wake. Usimpe aspirini wala diclofenac, zinaweza kuongeza kutoka damu. Hata akiwa hana dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, kisha arudi darasani taratibu. Mpira na michezo ya kukimbizana visubiri mpaka kichwa kiache kuuma kabisa.

Mfupa uliovunjika

Mguu uliopinda, unaovimba haraka au usiokanyagika utegwe kwanza kwa kitu kigumu, kama kipande cha ubao au boksi lililokunjwa, kifungwe kwa kitambaa juu na chini ya jeraha bila kubana sana. Usijaribu kuunyoosha. Kama mfupa umetoboa ngozi, funika kwa kitambaa safi na uwahi hospitali: jeraha hili linahitaji dawa za kuua bakteria ndani ya saa chache, kusafishwa chumba cha upasuaji, na chanjo ya pepopunda. Kuchelewa siku mbili kunaweza kuwa tofauti kati ya kuponya mguu na kuukata.

Wapo wanaotoroka hospitali kwenda kwa waganga wa mifupa kwa kuogopa gharama au kukatwa. Vifungo vinavyobanwa sana huzuia damu, na mguu uliokuwa wa kupona hufa. Iwe umefungwa huko au umewekewa plasta hospitali, dalili za hatari ni zilezile: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kufa ganzi, kuvimba, kuwa baridi au kubadilika rangi. Usisubiri kesho.

Wajawazito na wanaotoka hospitali

Mjamzito akianguka na pikipiki, hata kama haumwi popote, afike kituo cha afya siku hiyo. Kondo la nyuma linaweza kuachia taratibu bila dalili kubwa mwanzoni. Damu ukeni, tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza ni dharura.

Aliyejifungua kwa upasuaji, aliyewekewa matone ya kupanua mboni kwa kipimo cha macho, au aliyepewa dawa ya usingizi kwa upasuaji mdogo asijiendeshe siku hiyo, na bodaboda si chombo chake cha kurudia nyumbani. Panga usafiri mapema, kabla ya kuruhusiwa.

Kuhusu fomu ya polisi namba tatu, PF3, mgawane kazi: majeruhi aendelee kutibiwa, na ndugu mmoja aende kituoni kuifuatilia. Dharura haisubiri karatasi. Andikeni pia namba ya pikipiki au gari lililohusika na kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye stika. Sheria inakitaka kila chombo cha moto kiwe na bima inayomfidia mtu wa tatu, na bila taarifa ya polisi madai hayo hayaendi popote. Tunzeni risiti zote za matibabu.

Mwisho, usisahau watoto wanaotembea kwa miguu, maana nao hugongwa na pikipiki. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likiweka matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi zenye ajali nyingi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Si miujiza: ni tuta, rangi nyeupe na njia ya kando. Serikali ya mtaa wako inaweza kuombwa vitu hivyohivyo kwa barua ya kamati ya wazazi.

Kesho asubuhi, kabla mwanao hajaondoka, fanya mambo manne tu. Angalia miguu yake kama inafika kwenye vikanyagio. Funga mkanda wa kofia kwa mkono wako. Hesabu waliopanda. Kisha mwambie dereva, kwa heshima, kwamba humlipi kwa kuwahi, unamlipa kwa kumfikisha.